Ushahidi wa Mwenye Kofia

Vijana mnaotia sauti filamu pale Migori mjini, mlinifanyia sherehe ya kustaafu, mkanikatia keki, mkanivisha shingoni yale mapambo ya karatasi yanayowasha, kisha mmoja wenu akaniomba niandike "mambo mawili matatu" kuhusu kazi. Nimekaa na daftari wiki tatu. Mambo yamekataa kuwa mawili matatu, lakini nitajaribu kuwa mfupi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniona nikilifanya. Habari za vyeo sitaandika, kwa sababu katika kutafsiri filamu hakuna cheo. Unaanza kazi ukiwa umesimama kando ya runinga na maiki mkononi, na unastaafu ukiwa umesimama palepale, ila sasa magoti yanauma.

Kwa wale ambao hawakuiona kazi yenyewe: kabla kila mtu hajawa na sinema mfukoni, watu walikusanyika kwenye banda la mabati, wakakaa kwenye mabenchi, wakatazama filamu ya kigeni, na mtu mmoja akawaeleza kwa Kiswahili kinachosemwa. Huyo ndiye mtafsiri. Nyinyi mnafanya kazi hiyo kwenye kompyuta, mkikosea mnafuta. Sisi tulikosea mbele ya watu, na huko Osiri, machimboni, watu walikuja na mawe mifukoni.

Nilianzia Kehancha, kwenye banda la Marwa. Marwa aliwahi kuwa karani wa kununua tumbaku, na sauti yake bado ilikuwa ya mtu anayeita majina kwenye foleni. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimekwenda kutazama tu. Katikati ya filamu koo likamkauka, akaangalia mabenchi, akaona mimi peke yangu ndiye nimevaa shati lenye kola, akanipa maiki. Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yangu ya kazi. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, nami Kiingereza cha kidato cha nne nilikuwa nacho, kwa hiyo nikatafsiri kila neno sawasawa. Baada ya dakika kumi mtu wa benchi la nyuma akauliza kwa sauti, "Huyu anasoma taarifa ya habari?"

Marwa akanivuta nje. "Mura," akaniambia, yaani kijana kwa Kikuria, "hawa watu hawakukuja kusikia maneno. Wanataka kujua huyu mtu anataka nini, na nani anamzuia. Wewe angalia mikono. Mdomo inaweza sema chochote. Mikono haijui kudanganya."

Nimetumia maneno hayo mpaka juzi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Maiki ilifungwa kwa leso, la sivyo kila neno lenye "p" lilipasuka kama puto. Deki ya kanda ilisafishwa kila asubuhi kwa pamba na spiriti, na aliyeisafisha kwa mate alijulikana kabla ya saa sita. Kanda ikikwama, unaingiza kalamu ya risasi kwenye tundu na kuizungusha polepole huku ukiwaambia watu kwamba shujaa amekwenda kuoga. Madirisha tuliyaziba kwa karatasi nyeusi za nailoni. Nje kulikuwa na ubao wa kuandikia jina la filamu kwa chaki, na ubao huo ndio ulionifundisha kusema uongo wa kwanza wa kitaalamu, kama nitakavyoeleza.

Sasa niseme kuhusu katoni ya sabuni. Padri mmoja mzee wa kigeni, aliyekuwa akirudi kwao, alimwachia Marwa katoni iliyojaa kanda. Juu ya kila kanda palikuwa na kibandiko chenye maneno ya kwao, kwa mwandiko mdogo wa wino wa bluu. Marwa alijaribu moja. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Watu wawili walikaa mezani wakazungumza. Wakaendelea kuzungumza. Marwa akaitoa na kuniambia nizichukue zote, nimwachie nafasi kabatini.

Nilizitazama zote peke yangu, na nikazipenda kuliko filamu yoyote niliyowahi kuona. Zilikuwa za mahakimu, za migomo ya wafanyakazi, za wanawake walioulizwa maswali na maofisa wenye glavu. Tatizo moja tu: sikujua hata neno moja la lugha ile. Mwalimu mmoja alisema ni Kijerumani, mwingine akasema Kirusi, na mwinjilisti mmoja aliyewahi kufika ng'ambo akasema kwa uhakika kwamba si lugha. Nami nilizitafsiri miaka na miaka. Vijana wangu, hilo ndilo ungamo langu la kwanza, na nalitoa sasa nikiwa nimeshakula keki.

Mtaniuliza nilipenda nini. Nitawaambia. Katika maisha yangu sijawahi kuvamiwa na watu arobaini wenye mapanga nikawapiga wote kwa mateke. Lakini nimewahi kuletewa karatasi niambiwe, "Tia sahihi hapa, ni kitu kidogo." Filamu za katoni ile zilijua kwamba hatari kubwa huja na kalamu. Pili, mtu mbaya katika filamu hizo alikuwa na sababu, na ukiisikiliza vizuri unagundua ni sababu yako mwenyewe, uliyoitumia wiki iliyopita. Tatu, kamera ilikuwa na subira. Ilimkalia mtu usoni mpaka ukaona aibu kwa niaba yake. Siku hizi kamera inaruka kama kuku aliyeona mwewe, na mtu akihuzunika lazima mvua inyeshe ili tusikose kuelewa. Mimi nimehuzunika sana maishani na mara nyingi jua lilikuwa linawaka.

Ya kwanza niliyoonyesha pale Kehancha ilihusu hakimu mzee. Vita vimekwisha, analetewa mtu aliyeshtakiwa kuiba chakula cha jeshi, na mtu huyo ndiye aliyemficha hakimu chini ya kitanda wakati wa vita. Kwenye ubao niliandika VITA VYA HAKIMU. Watu wakajaa. Hakuna aliyepigwa hata kofi, lakini walitulia. Baada ya dakika ishirini mzee mmoja akainua fimbo kuashiria nisimamishe kanda.

"Huyu jaji alilala kwa huyu mtu?"

"Ndiyo, mzee."

"Alikula kwake?"

"Alikula, miezi mingi."

"Sasa anamhukumu na tumbo gani? Atoke, waite mwingine."

Banda zima likakubali. Nikawaeleza kwa heshima kwamba filamu imebakisha saa moja na nusu. "Ya nini?" mzee akauliza. "Kesi imeisha." Wakainuka, wakatoka wameridhika kabisa, wakamwacha hakimu wa watu akitokwa na jasho kwenye runinga. Marwa alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi mpaka leo nasema wazee walipatia sheria, ila filamu iliwapita. Filamu haikuuliza hakimu afanye nini. Hilo alilijua tangu mwanzo. Iliuliza kwa nini mtu anayejua la kufanya anahitaji saa moja na nusu kulifanya.

Kutoka Kehancha nilihamia Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa Mama Akoth. Mama Akoth alikuwa na banda la vidio na pia alikuwa na shimo la dhahabu, na vyote viwili aliviendesha kwa sauti ileile. Funguo zake zote alizivaa shingoni kwa kamba, kwa hiyo ulimsikia kabla hujamwona. Alikuwa na kiti chake cha plastiki cha kijani mbele kabisa, na hakuna aliyekikalia hata akiwa safarini. Alinisikia siku moja Kehancha, akaniambia, "Baba Achieng, wewe unaongea kama mtu amekula. Njoo kwangu." Nikaenda. Nilikuwa na watoto watano, na yeye alitoa chakula cha mchana.

Mashimo yalipumzika Jumapili. Watu walitoka kanisani, wakanywa chai, wakaja bandani na shati safi huku masikio yamejaa vumbi la wiki nzima. Nilidhani watataka mateke. Siku moja nikathubutu kutia kanda ya katoni, ile iliyokuwa na mgodi ndani yake. Kwenye ubao nikaandika SHIMO LA KIFO. Mtanikubalia kwamba huo haukuwa uongo.

Filamu yenyewe ni hivi. Kuna mgodi katika nchi ya theluji. Kuna msimamizi, mtu mwenye masharubu na kofia, ambaye kazi yake ni kukagua nguzo zinazozuia udongo kabla watu hawajaingia. Watu watatu wanaingia, nguzo zinavunjika, wanafukiwa. Nusu ya pili yote ni mahakamani.

Ninyi hamjawahi kuonyesha filamu ya mgodi kwa wachimbaji. Msijaribu kama mioyo yenu ni dhaifu. Mara tu nguzo ya kwanza ilipoonekana wote walisimama. "Hiyo imewekwa upande!" "Hiyo ni mti gani? Hiyo ni mkaratusi mchanga!" Opiyo, mchimbaji mwenye mdomo kuliko wote, alikwenda mpaka kwenye kioo cha runinga akawapungia mkono. "Tokeni hapo, yawa! Tokeni!" Udongo uliposhuka alirudi kwenye benchi akakaa kwa hasira, akasema, "Si niliwaambia?"

Kisha mahakamani. Msimamizi anaitwa. Anasimama, anavua kofia, anaongea muda mrefu na kamera haisogei. Mimi sikujua anasema nini. Niliangalia mikono, kama nilivyofundishwa. Ile mikono ilikuwa inaikamua kofia kama mtu anayekamua nguo iliyolowa. Nikashika maiki, nikasema:

"Mimi ndiye niliyesema ziko sawa. Nguzo zilikuwa zimeoza. Niliziona kwa macho yangu, nikasema ziko sawa, kwa sababu aliyeniajiri alitaka ziwe sawa."

Nilipopata ujasiri nikatazama mabenchi. Watu wazima walikuwa wanajifuta macho na mikono ya mashati.

Mwishoni mtu yule anatoka nje ya mahakama peke yake, anatembea kwenye theluji. Opiyo akauliza, "Askari wako wapi?" Hilo sikuwa nimelitayarisha. Nikamwambia, "Huko kwao mtu akikiri, anajipeleka jela mwenyewe. Kwa miguu." Wakatikisa vichwa kwa mshangao. Wiki nzima Osiri ilizungumza juu ya nchi ile ya ajabu.

Wakaitaka tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Maneno ya mwenye kofia waliyakariri. Mtu akichelewesha chai hotelini waliambiana, "Nilisema iko sawa kwa sababu aliyeniajiri alitaka iwe sawa."

Mmoja ambaye hakucheka alikuwa Ogweno. Ogweno ndiye aliyekuwa msimamizi wa shimo la Mama Akoth. Kila Jumatatu asubuhi alishuka na taa, akagonga nguzo moja moja, akapanda na kusema, "Ziko sawa, ingieni." Mtu mkimya, wa kanisa, na kofia ya kitambaa iliyofifia ambayo sijawahi kujua ilikuwa ya rangi gani. Alikaa karibu na mlango. Kila mara mwenye kofia wa filamu aliposimama, Ogweno aliinama akatazama viatu vyake.

Jumamosi moja mchana Mama Akoth alinikuta nasafisha deki. Funguo zilitangulia.

"Baba Achieng, huyo mtu wa kofia."

"Ndiyo, Mama."

"Anasumbua watu wangu. Wanauliza uliza. Mbao mpya inakuja mwezi ujao, nimeshasema. Sasa kesho huyo mtu aseme nguzo zilikuwa imara. Alikagua mwenyewe, kwa mikono yake. Hao watatu walikufa juu ya uzembe yao."

"Mama, lakini hivyo sivyo alivyosema."

"Wewe unajua alisema nini?"

Alikuwa ameniweza. Sikujua. Na pale mbele yangu, bila karatasi wala kalamu, niliona ile filamu imetoka kwenye runinga ikasimama mlangoni na funguo shingoni. Kuna watu wangeingia shimoni Jumatatu, na hali ya nguzo zao sikuijua, ila nilimjua Ogweno na nilikuwa nimeyaona macho yake yakitafuta viatu. Nilijua kabisa la kufanya. Nikafikiria watoto watano na chakula cha mchana. Nikasema, "Sawa, Mama."

Ninaandika hivyo wazi kwa sababu mlinivisha mapambo na mkaniita shujaa wa sanaa. Shujaa alisema sawa Mama.

Jumapili banda lilifurika. Mama Akoth kwenye kiti chake cha kijani. Nguzo zikaanguka, Opiyo akawapungia mkono watu wake kama kawaida, nasi tukafika mahakamani. Mwenye kofia akasimama. Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona maneno yake kabla hajafungua kinywa. Mimi nikashika maiki, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwenye homa:

"Nguzo zilikuwa imara. Nilizikagua mwenyewe, kwa mikono yangu. Wale watatu walikufa kwa uzembe wao."

Minong'ono ikakatika. Kisha Opiyo akasimama juu ya benchi.

"Omera, ndugu zangu! Amebadilisha ushahidi!"

Banda likalipuka. "Wiki iliyopita alisema zimeoza!" "Amekutana na mtu huko nje!" "Shahidi amenunuliwa!" Walikuwa wanacheka, walinijua vizuri ni mimi, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na meno. Opiyo akaniuliza kwa upole wa kuigiza, kama wakili, "Mtafsiri, huyu shahidi wako, wiki hii amekula kwa nani?" Na vichwa vyote vikageuka polepole kuelekea kiti cha kijani. Funguo za Mama Akoth hazikulia hata kidogo.

Kabla sijajibu, Ogweno alikuwa ametoka kule mlangoni. Alipita katikati ya mabenchi, akasimama mbele ya runinga, akaizuia. Nyuma yake mwenye kofia aliendelea kuongea lugha yake. Ogweno akavua kofia yake akaishika kwa mikono miwili, na mikono ikaanza kuikamua.

"Mimi ndiye nilisema ziko sawa," akasema. Nilidhani anaigiza. Watu wachache wakacheka, wakaacha. "Zile za shimo letu. Zimeoza. Ile ya tatu na ile ya nne, na hapo kwa kona. Niliona kwa macho yangu Jumatatu. Nikasema ziko sawa juu Mama alitaka ziwe sawa." Akamgeukia yule mama. "Mama, nisamehe. Huyu mtu aliweza kusema mbele ya jaji. Mimi nimeshindwa kusema hata mbele ya Opiyo?"

Hakuna aliyezima filamu. Iliisha yenyewe huku mtu akitembea kwenye theluji na hakuna aliyemtazama.

Jumatatu hakuna aliyeingia kufanya kazi. Walishuka wachache kwa kamba kwenda kuangalia, na mimi wakanilazimisha niende nao, wakisema mtafsiri lazima aone chanzo. Sijawahi kuogopa namna ile. Ogweno akanionyesha nguzo ya tatu, akaniambia nibonyeze. Kidole kiliingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Nilikitoa, nikakitazama kwenye mwanga wa taa, nikalia pale chini ya ardhi mbele ya wachimbaji, na Opiyo, nashukuru, kwa mara moja maishani mwake alinyamaza.

Mama Akoth alileta mbao wiki ileile. Kazi ya Ogweno hakuigusa, kwa sababu watu walisema bila Ogweno kukagua hawaingii. Mimi alinifuta kazi. Nilimwambia, "Mama, nilisema ulivyotaka." Akanijibu, "Ndiyo. Na ulisema vibaya. Mtu mzima, kazi yake ni kudanganya, na hajui kudanganya." Kisha akanipa chakula cha mchana cha mwisho, samaki mzima, kwa sababu hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa na sababu.

Nikaenda Sindo, kando ya ziwa, na huko ndiko nilikomalizia miaka yangu. Sindo watazamaji wangu wazuri walikuwa wanawake wauza omena, dagaa wa ziwani, mchana, wakati omena inakauka juani. Wao walipenda kanda ya mwanamke anayehojiwa na ofisa mwenye glavu amtaje mtu aliyemficha. Mwanamke hasemi. Saa nzima hasemi, na mimi nilipumzisha koo. Wauza omena walimshauri ofisa kwa sauti: "Mpe chai kwanza!" "Mwulize kama mama yake bado anaishi!" Mmoja aliniambia baadaye kwamba kosa la ofisa yule ni kukaa na mwanamke saa nzima bila kumwangalia. Nimesoma maoni ya wataalamu wa filamu kwenye magazeti, na sijaona wazo kama hilo.

Kisha kanda zikafa, zikaja sahani za DVD, sahani nazo zikafa, na kila mtu akawa na banda lake mkononi. Mwenye banda la Sindo akaligeuza kuwa duka la vyakula vya kuku. Kwa hiyo nimestaafu, au kazi imenistaafu.

Sasa ungamo la pili, ambalo ndilo hasa limenifanya hatimaye niandike. Wiki mbili baada ya sherehe yenu, binti yangu Achieng, ambaye ni muuguzi, alikuja nyumbani akaikuta ile kanda ya mgodi kwenye kabati. Akayaandika maneno ya kibandiko kwenye simu yake, mambo ya dakika mbili. Filamu ikatokea, imesafishwa, inang'aa, na chini yake maandishi ya Kiingereza. Akaiweka kwenye kompyuta yake, akaniletea chai.

Nilikaa kama bwana harusi. Nguzo zikaanguka. Tukafika mahakamani. Mwenye kofia akasimama, akaanza kukamua kofia yake, na maneno yakaja moja moja pale chini. Nilivaa miwani, nikaivua, nikaifuta, nikaivaa tena. Nikamwambia Achieng arudishe. Akarudisha. Mtu yule alikuwa anasema hivi: nguzo zilikuwa imara, nilizikagua mwenyewe, kwa mikono yangu, wale watatu walikufa kwa uzembe wao.

Hakukiri. Hakuwahi kukiri. Hakimu akamwachilia huru, na ndiyo maana hapakuwa na askari. Alikuwa anatembea kwenye theluji kwenda nyumbani kula.

Yaani Jumapili ile, niliyoionea aibu miaka yote hii, niliyofutiwa kazi kwa kutafsiri vibaya, ndiyo siku pekee katika maisha yangu niliyoitafsiri filamu ile sawasawa. Na aliyenipa tafsiri sahihi, karibu neno kwa neno, ni Mama Akoth, ambaye alikuwa ameketi kiti cha mbele na hakujua lugha ile kunizidi. Nadhani wenye mashimo wa nchi zote wana maneno mamoja.

Achieng alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikakosa usingizi siku mbili. Kama filamu, nawaambia kwa moyo mweupe, ile ya kweli ni bora kuliko yangu. Ni chungu zaidi. Yule mwigizaji alifanya jambo kubwa: mdomo wake unakana na mikono yake inakiri, na mwongozaji alitutegemea sisi tuone. Mimi niliona. Kosa langu ni kwamba niliona nusu tu. Marwa angenisamehe. Lakini sikukosa usingizi kwa sababu ya sanaa. Niliukosa kwa sababu ya Ogweno, aliyesimama mbele ya watu na kujivua nguo, kwa kumwiga mtu ambaye hakufanya hivyo.

Siku ya tatu nikampigia. Analima sasa, upande wa Migori, ana wajukuu wengi na sauti ileile ya chini. Nikamweleza yote bila kuficha.

"Kwa hivyo yeye hakusema," akasema Ogweno.

"Hakusema, omera."

"Alienda nyumbani."

"Alienda."

"Kwa hivyo ni mimi peke yangu nilisema."

"Ni wewe peke yako. Nisamehe. Nilikudanganya."

Kisha nikasikia anacheka, kile kicheko cha mtu mkimya, kinachotoka puani. Alicheka mpaka akakohoa, na mkewe akasikika nyuma akimuuliza kama ni habari za msiba.

"Kuja Jumapili baada ya kanisa," akaniambia. "Kuja na huyo mtoto wako na hiyo kompyuta. Wajukuu wangu wamesikia hiyo hadithi ya kofia, hawaamini. Utafsirie hawa watoto."

Nikamuuliza nitafsiri ipi, ile ya kweli ama ile ya Osiri.

"Ya Osiri," akasema Ogweno. "Hiyo ingine wanaonaga kila siku kwa habari."

Leo ni Ijumaa. Nimeifunga maiki leso mpya, ingawa Achieng anasema sebule ya Ogweno haihitaji maiki.